Mtu wa Chuma Aliyechukua Jina la Baba Yangu

Kwa Bi Samsam,

Pokea salamu nyingi kutoka Subukia. Mimi husoma majibu yako kila gazeti likifika dukani kwa Mhindi, na nimeona vile unakemea watu, kwa hivyo najua hata mimi utanikemea, lakini afadhali unikemee wewe kuliko nikae na jambo hili peke yangu, kwa sababu hapa nyumbani kila mtu ana upande wake na hakuna anayenisikiliza mimi. Majina nitakayoandika nimeyabadilisha na shamba silitaji, kwa maana Bwana wetu, Mzungu mwenye shamba, ana marafiki huko mjini wanaosoma Kiswahili vizuri sana.

Mimi ni nyapara katika shamba la ng'ombe wa maziwa. Nilizaliwa hapa hapa. Baba yangu, mzee Kimaiyo, alikuwa mmoja wa maskwota wa kwanza kupewa boma hapa, yeye na wenzake ndio waling'oa mawe na visiki vya shamba hili lote, na alikufa mwaka juzi akiwa bado anafanya kazi, alianguka akiwa amebeba gogo la kujengea ua na hakuamka tena. Niko na mke wangu Chepkemoi, niko na mama yangu mzazi Jepchumba, na niko na ng'ombe zangu chache ambazo Bwana ananiruhusu kuzilisha kwa nyasi yake. Hiyo ruhusa ndiyo maisha yangu, Bi Samsam, kwa sababu nikitolewa hapa sina pahali pengine, huko rizavu, ardhi waliyotengewa watu wetu, nasikia tu habari zake, sijui hata nyumba ya kuingia.

Sasa, ilipoanza hii Emajensi, hali ya hatari ya serikali, Wakikuyu tuliokuwa tukifanya kazi nao walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kwao, tukabaki wachache, mimi, na Khisa ambaye ni mkamuaji mzuri aliyetoka upande wa Elgon, na familia zingine kidogo. Bwana Mrefu, ndivyo tunamwita, akawa analalamika kila siku kwamba hana watu, kana kwamba ni sisi tuliwapakia, halafu asubuhi moja akaenda stesheni ya Nakuru na lori, akarudi na sanduku kubwa la mbao, na ndani ya sanduku alikuwa mtu wa chuma. Wewe uko mjini na najua umewaona, wanasema wako wengine wanabeba magunia kwa bohari ya reli. Huyu wetu ana kimo cha mwanamume wa kawaida, vidole vyake vimefunikwa mpira ili aweze kukamua, macho ni ya kioo, anakunywa mafuta ya taa, na kifuani ana matundu ya kuvuta hewa. Na ana akili. Hilo ndilo sikuamini mwanzoni. Ukimwonyesha jambo anashika, na asiposhika anauliza.

Waliomuuza walisema anatii sauti ya yule anayemfundisha kwanza, sauti moja tu, na ukitaka kubadilisha ni lazima uanze kumfundisha upya kabisa. Bwana hakutaka kuamka alfajiri kukaa zizini na mavi ya ng'ombe, kwa hivyo akasema iwe sauti yangu. Basi nikamfundisha mimi. Aliniuliza kwa nini tunamwacha ndama anyonye kidogo ndipo tukamue, nikamwambia bila hivyo ng'ombe hushikilia maziwa yake, akafikiri, akasema, kumbe anampa mtoto wake si sisi. Nikasema ndiyo. Hata nyimbo za kutuliza ng'ombe alizishika, za kwetu na za kina Khisa pia. Sitakudanganya, nilimfurahia, kazi ilikuwa rahisi, nikawa naamka jua limeshatoka.

Hapo ndipo mke wangu akajifungua mtoto wa kiume. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake wazee huketi na mama ndani ya nyumba, wanamtia mtoto ugoro kidogo puani, halafu wanataja majina ya watu wetu waliokufa, moja baada ya lingine, na jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, basi huyo ndiye amerudi kwake, na mtoto ataitwa hivyo na kuheshimiwa hivyo. Mimi nimebatizwa, lakini mambo ya wanawake mwanamume haingilii, na tena kusema ukweli nilitamani sana mtoto wangu apige chafya kwa jina la baba. Siku hiyo nilikuwa nimemwambia mtu wa chuma alete debe la maji nyumbani. Mimi nilikuwa nje ya nyumba, nasikiliza. Mama akataja majina mengi na mtoto kimya, mpaka nikaanza kuogopa. Akataja jina la baba, Kimaiyo. Mtoto kimya. Na wakati huo huo mtu wa chuma amefika mlangoni, ameinama kuweka debe chini, vumbi ya pale mlangoni ikamwingia kifuani kwa yale matundu, akaitoa kwa nguvu kama vile hufanya kila mara, chyaa.

Mimi huko nje nilicheka, lakini nilicheka peke yangu. Mama alitoka akamtazama yule mtu wa chuma kwa muda mrefu, akarudi ndani, wakaendelea, na mtoto akapiga chafya kwa jina la babu yake mama, jina zuri tu, sina ubaya nalo. Lakini la baba halikutajwa tena. Nilipouliza, mama alisema limeshachukuliwa.

Nilimwambia mama ile ni vumbi. Akaniuliza kwani kinachomfanya mtoto apige chafya ni nini, si ni ugoro? Nilienda kwa pasta, akaniambia hayo yote ni mambo ya gizani na nisiyatie maanani, halafu akanishika kando akaniuliza kama ni kweli yule chuma anajua kuimba.

Tangu hiyo siku mama anamwita mzee. Kila asubuhi anampelekea maziwa ya kibuyu, mursik yetu, na kwa vile hanywi maziwa, anampaka kidogo kifuani, na yeye anasimama kimya mpaka mama amalize. Aliuliza huyo Kimaiyo alikuwa nani. Mama akamweleza, na bado anamweleza, vile baba alikuwa akitembea, vile alikuwa akikasirika, ni ng'ombe gani alimpenda, ni mawe gani ya huku alitoa yeye. Sasa ukiita Kimaiyo anageuka. Bwana Mrefu alipoambiwa habari hiyo alicheka mpaka akashika gari, na yeye pia akaanza kumwita hivyo, Kimaiyo lete ndoo, Kimaiyo toa mavi, ingawa anakwenda tu nikirudia mimi. Mama alipolia tulidhani ni hasira, lakini alituambia anawaza kwamba ni vile vile Bwana alikuwa akimwita baba.

Sasa Bwana ameona hii mashine haichoki, akaamua ifanye kazi mchana na usiku. Akamue asubuhi, abebe mawe ya kujenga josho jipya la kuogeshea ng'ombe mchana, akamue jioni, na usiku asage chakula cha ng'ombe mpaka alfajiri. Na kwa vile anafanya kazi ya watu wengi, kina Khisa na zile familia zingine wamepewa notisi, mahindi yakivunwa waondoke na watoto wao na ng'ombe wao. Mimi nabaki, kwa sababu ya sauti yangu.

Mchana mmoja wa jua kali nilikuwa nimeketi chini ya kivuli cha ghala, na yeye amemaliza kupanga mawe ya asubuhi. Nikamwambia arudi achukue mengine. Hakwenda. Akasimama mbele yangu akasema, "Mama anasema mimi ni baba yako. Kwenu mtoto anamtuma baba yake?"

Sijui ni nini kilinishika. Watu walikuwa wanatazama. Nikamwambia, "Wewe ni chuma. Fanya kazi."

Akaenda. Na tangu hapo anafanya kila kitu ninachomwambia, haharibu kitu, hachelewi, lakini hasemi na mimi. Anaongea na mama, anaongea na Khisa, hata mtoto akibebwa anaongea naye, lakini na mimi hapana. Ati naumia kwa sababu mashine haisemi na mimi, Bi Samsam. Ukicheka nitaelewa.

Jumapili iliyopita baada ya kanisa Khisa na wanaume wengine walinikalisha wakaniambia jambo. Walisema ni mimi tu ninayeweza kumfungua kifua, maana huwa ninamsafisha, na yeye husimama nimguse. Khisa akasema, "Konzi moja ya mchanga, ndugu yangu. Subukia ni vumbi tupu, nani atakuuliza?" Akifa yule, Bwana atatuhitaji tena na notisi itasahaulika. Na ni kweli. Khisa ana watoto wengi na mmoja ni mgonjwa wa kifua, na mvua za huko atakakoenda sijui atawalaza wapi. Amekuwa jirani mwema kwangu, yeye ndiye alichimba kaburi la baba pamoja na mimi.

Lakini maneno yalimfikia mama. Akaniambia nikitia mchanga nitakuwa nimemwua baba yangu, na siku hiyo yeye atashika njia kwa miguu aende rizavu, na nisimfuate. Nilipomweleza Khisa, akanijibu kwamba mama yangu ana chuma kimoja na yeye ana watoto, nichague. Mahindi yameanza kukauka shambani na Khisa ananitazama kila asubuhi akingoja.

Sasa Bi Samsam, nieleze. Huyu ni mtu au si mtu? Kama ni mtu, nitamtumaje usiku kucha, na kama si mtu, kwa nini mkono wangu unakataa kushika huo mchanga? Bwana anataka kazi, mama anataka mumewe, Khisa anataka pahali pa kukaa, na wote wanakuja kwangu. Nijibu upesi.

Wako,
Nyapara, Subukia

*

Mwanangu Nyapara,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, kwa ile chafya, kwa hivyo hilo umelipata. Mara ya pili niliweka kikombe chini.

Unaniuliza kama yule ni mtu au si mtu, na unadhani mimi Samsam, mjane wa Bondeni anayeshona kanzu na kujibu barua za watu, ninalo jibu hilo kabatini. Sina. Nilimwuliza sheikh wetu hapa, mtu aliyesoma, akaniambia roho ni jambo la Mungu na tumeambiwa kidogo sana juu yake. Pasta wako naye kakuambia lake. Waache wote wawili wapumzike, kwa sababu barua yako mwenyewe imeshajibu, ila hukuisoma kabla ya kuitia gundi.

Umeshika jembe tangu utoto. Je, umewahi kusimama mbele ya jembe ukaliambia, wewe ni jembe, fanya kazi? Hakuna mtu mwenye akili timamu anayekiambia chuma kwamba ni chuma. Neno lile ulilisema kwa sababu ulijua kuna anayesikia, na ulitaka limchome, mbele ya watu. Sasa amekununia. Mimi nimeishi miaka mingi, mwanangu, na sijaona mtu amenuniwa na wilbaro yake mpaka akaandika gazetini.

Nikwambie jambo moja la kwetu, halafu turudi kwako. Nyanya yangu, mama yake baba, alitolewa bara akiwa mtoto, akauzwa pwani. Jina alilozikwa nalo alipewa na waliomnunua, la kwao alilisahau. Na alikuwa akisema waziwazi kwamba hawakuwa watu wakali. Walimlisha, walimvisha, walikuwa wacha Mungu. Jioni wazee walikuwa wakiketi barazani wakijadiliana juu ya watu kama yeye. Je, wana akili kama zetu? Wakipigwa wanaumia kama sisi? Wakifa wanakwenda wapi? Mjadala mzuri, wa watu waliosoma, kila mmoja ana hoja yake. Na aliyekuwa akiwapelekea kahawa wakati wakijadili ni yeye. Hakusahau mpaka uzeeni kwamba mjadala ulikuwa mrefu na hakuna hata usiku mmoja uliokosa kahawa.

Sisemi chuma chenu ni nyanya yangu, astaghfirullah. Nasema swali lako nimelisikia zamani, na kila mara anayeuliza ni yule aliyeketi.

Na wewe umeketi. Umeniandikia habari za mama yako, za Khisa, za Bwana, za pasta, hata za vumbi ya mlangoni, na hukuandika mstari mmoja kunieleza siku hizi wewe mwenyewe unakamua ng'ombe gani. Unaamka jua limetoka. Mchana uko kivulini. Mashine ilipokuja, shambani kwenu kulikuwa na Bwana mmoja, sasa wapo wawili, mmoja mrefu na mwingine sijui kimo chake. Usikasirike. Ulisema ulijua nitakukemea.

Khisa nampa pole kwa moyo wangu wote, na anayesema shida yake ni ndogo kuliko ya chuma simuungi mkono. Lakini mchanga hautamsaidia. Huyu akiharibika, Bwana ataandika kwa waliomuuzia, sanduku lingine litakuja stesheni, na safari hii atatafutwa nyapara mwingine wa kutoa sauti, asiye na mama wa kumsumbua. Khisa ataondoka vilevile, na wewe nyuma yake. Tena fikiri kidogo jinsi ungelifanya jambo hilo. Ungemwendea kama siku zote, angesimama umguse kwa sababu ni wewe, umfungue kifua, umtie mchanga. Kama ungeweza, ungekuwa umeshalifanya, usingepoteza stempu.

Sasa nisikilize vizuri, maana ninyi nyote mnamlaumu asiyestahili. Kinachomtoa Khisa hapo si chuma. Kinachomtoa ni kwamba chuma hakilali. Bwana wenu amepata mfanyakazi asiyejua jioni, ndiyo maana hahitaji wengine. Angefanya kazi saa za watu na kuacha wakati watu wanapoacha, ng'ombe wa jioni wangetaka mikono, mawe ya josho yangetaka mikono, na chakula cha ng'ombe kingesagwa na nani kama si Khisa? Aliyeona kwamba kazi hiyo haina mwisho alikuuliza mchana kweupe, mbele ya ghala, ukamfokea. Yeye na Khisa wana shida moja, na wewe umekuwa ukichagua yupi umtupe.

Na nani anaweza kumwambia alale? Si Bwana. Si mama yako. Ni sauti moja tu. Umeniambia wote wanakuja kwako kana kwamba ni mzigo umetwishwa kwa bahati mbaya. Wanakuja kwako kwa sababu wewe ndiye mwenye nguvu hapo, na hujataka kuliona hilo kwa kuwa aliye na nguvu hana wa kumsingizia.

Basi fanya hivi. Nenda pale alipo yule wa chuma, na usiende ukasimama juu yake kama nyapara. Keti. Mjibu swali alilokuuliza, maana mpaka leo hujalijibu. Jibu unalijua, kwenu na kwetu ni moja, mtoto hamtumi baba yake. Mwambie hivyo kwa kinywa chako, na umwombe radhi kwa lile neno. Watu wakikutazama, waache watazame. Walikuwepo ulipomtukana.

Halafu mweleze yote. Mweleze kwamba mikono yake ndiyo inayotumiwa kuwatoa jirani zake, kwamba Khisa anayemfundisha nyimbo ana notisi mfukoni kwa sababu yake, na usimfiche hata ile habari ya mchanga. Aliyeelewa kwa nini ng'ombe hushikilia maziwa ataelewa na hili. Kisha mwulize yeye anataka nini. Wewe na Bwana na Khisa na pasta mmesema juu yake tangu alipotoka sandukuni, na hakuna aliyemwuliza. Mama yako mnayemwona amerukwa na akili ndiye pekee anayekwenda kwake bila kutaka afanyiwe kazi. Mwulize, halafu ufunge mdomo usikie.

Ukishamsikia, nenda kwa Bwana. Usingoje akuite. Mwambie kwa adabu, kofia mkononi, kwamba mtu wa chuma atafanya kazi saa wanazofanya watu, atapumzika usiku, na Jumapili hatabeba jiwe, na kwamba kwa kazi inayobaki watu anao tayari, anawajua, ng'ombe wanawajua. Akisema hataki, mwambie aje zizini alfajiri amfundishe kwa sauti yake mwenyewe, aanze upya. Wenzako nao waende wakamwombe, lakini mmoja mmoja, kila mtu siku yake na neno lake, maana nyakati hizi za Emajensi wanaume wakiandamana pamoja mpaka mlangoni kwa Mzungu nitasikia habari zenu kwa askari.

Atakubali? Sijui. Huenda asiyetaka kuamka mapema mwaka jana hatataka mwaka huu pia, akakubali. Huenda akakuonyesha lango siku hiyo hiyo, wewe na mtoto na ng'ombe zako. Sitakuficha hilo kwa kukupaka mafuta. Unatafuta ushauri usiokugharimu kitu, na huo hauko kwangu, haukuwepo hata kwa Khisa, yeye alikuomba ulipe kwa kifua cha mwingine. Ukifukuzwa utakuwa pale Khisa alipo sasa, na mtaingia njiani pamoja mkijuana. Ukibaki kwa njia hii uliyonayo, utakuwa na nyasi, na ng'ombe wako watanenepa, na nyumbani kwako mama analia na zizini hakuna anayesema nawe.

Kuhusu mama, usimguse. Akimpaka maziwa, mpe kibuyu. Wewe humwamini na mimi sijui niamini nini, lakini sijaona ubaya uliotokea duniani kwa sababu mtu aliheshimiwa kupita kiasi. Na mtoto wako ana jina la mzee wenu, acha kumtazama kama aliyekosa mtihani. Hakukosa kitu. Wewe ndiye uliyekuwa ukitamani.

Khisa anangoja jibu, kwa hivyo asubuhi uanze na yeye kabla ya wote. Mwambie hapana, hutashika mchanga, na mwambie utakalofanya badala yake, ili akikuita mwoga akuite akijua. Halafu uende zizini.

Na yule ukimwuliza anataka kazi gani, akakujibu kwamba kukamua hataki tena, usimbembeleze, usimtishe, wala usiniandikie mimi barua ya pili. Chukua ndoo ukakamue mwenyewe.

Bi Samsam
Bondeni, Nakuru